Mgeni mwenye nguo nyeupe: imani na ibada za Kiislamu zinavyoshikana

Siku moja mjini Madina, Mtume Muhammad (S.A.W.) akiwa ameketi na masahaba wake, alitokea mtu wasiyemjua. Nguo zake zilikuwa nyeupe pe, nywele zake nyeusi ti. Umar bin Khattab, aliyekuwapo na ndiye aliyesimulia kisa hiki, anasema mtu yule hakuwa na dalili yoyote ya safari, na hata hivyo hakuna mmoja wao aliyemtambua. Kama si mwenyeji, vumbi la njiani limekwenda wapi? Mgeni akaketi, magoti yake yakagusana na magoti ya Mtume, akaanza kuuliza. Uislamu ni nini? Imani ni nini? Ihsani ni nini? Saa ya Kiyama ni lini? Akijibiwa alisema, "Umesema kweli," nao wakazidi kustaajabu: mtu anauliza, kisha anasahihisha majibu kama mwalimu! Baada ya kuondoka, Mtume aliwaambia kwamba huyo alikuwa malaika Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao.

Hadithi hiyo imo katika mkusanyiko wa Imam Muslim, na kwa maoni yangu hakuna mlango mzuri zaidi wa kuingilia somo hili. Wengi hufundishwa Uislamu kama orodha mbili za kukariri: nguzo 5 za Uislamu na nguzo 6 za imani. Mtoto wa madrasa huziimba bila kukosea hata moja. Muulize mbona orodha ni mbili na si moja, atanyamaza, na huenda baba yake naye akanyamaza. Jibu limo katika mpangilio wa maswali ya yule mgeni. La kwanza linahusu mwili unafanya nini. La pili linahusu moyo umekubali nini. La tatu linauliza viwili hivyo hukutana vipi. La nne huwa halikaririwi kabisa, na lina jibu fupi kuliko yote.

Ufunguo uliomo kinywani

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili, maana maneno ya msingi anayo tayari. Kiarabu hujenga maneno yake juu ya mizizi, mingi ikiwa ya konsonanti 3. Mzizi wa s-l-m umetuletea salamu, salama na usalama, ukatuletea pia silimu na Uislamu. Askari aliyezidiwa anaposalimu amri huweka silaha chini na kukubali kuongozwa na aliyemshinda. Uislamu ni kusalimu amri kwa Mungu, tofauti ikiwa kwamba huyu anasalimu kwa hiari yake na anatarajia kupata usalama ndani yake. Imani nayo ni ndugu wa amana, amani na uaminifu. Kwa hiyo kuamini ni zaidi ya kukubali kwamba habari fulani ni kweli. Kuna kukabidhi ndani yake, kama mtu anavyoacha mali yake kwa mtu asiye na shaka naye.

Hata jihadi, neno lililochakazwa kuliko yote, lina ndugu zake hapa hapa: juhudi, jitihada, jitahidi. Vita ni sehemu moja ya maana yake, yenye masharti ambayo wanazuoni wameyaandikia kurasa nyingi, na haimo katika nguzo 5. Na "Allah" si jina la mungu wa kabila fulani. Wakristo wanaozungumza Kiarabu nao humwomba Mungu wao kwa neno hilo hilo.

Ushahidi unaoanza kwa kukana

Nguzo ya kwanza ni shahada: kushuhudia kwamba hapana mola apasaye kuabudiwa isipokuwa Allah, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Angalia sentensi inavyoanza. *Laa ilaaha*, hapana mungu. Kama mtu angekata pumzi hapo, angekuwa ametamka ukafiri mtupu. Kisha ndipo inakuja *illa Allah*, isipokuwa Allah. Kwanza uwanja unafagiliwa, halafu ndipo kinawekwa kinachotakiwa kuwekwa.

Mpangilio huo una sababu yake. Makureshi wa Makka, kabila la Mtume mwenyewe, karne ya 7, hawakubisha kwamba Allah yupo. Qurani yenyewe inasema kwamba wangeulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, wangejibu ni Allah. Ugomvi wao na Muhammad ulihusu wale wengine, masanamu yaliyoizunguka Kaaba, nyumba takatifu ya Makka, waliyoyaona kuwa waombezi wao. Ndiyo maana dhambi kubwa kuliko zote katika Uislamu ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kitu kingine katika kuabudiwa. Kukosa imani kabisa hakukuwa tatizo la Makka. Tatizo lilikuwa imani iliyogawiwa wengi.

Tauhidi, upweke wa Mungu, imefupishwa katika sura ya 112, Al-Ikhlas, yenye aya 4 tu: Mungu ni mmoja, ndiye anayekusudiwa na wote, hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hakuna anayefanana naye. Hapo ndipo Uislamu na Ukristo huachana njia. Isa anaheshimiwa sana na Waislamu. Alizaliwa na Maryam bila ya baba, na mama yake ana sura nzima yenye jina lake. Jina la Isa linatajwa mara 25 katika Qurani, hali jina la Muhammad limo mara 4. Lakini Isa ni mja na mtume, si mwana wa Mungu.

Sehemu ya pili ya shahada inamweka Muhammad mahali pake, na mahali hapo pana mpaka. Alipofariki mwaka 632, baadhi ya masahaba, Umar akiwa mmoja wao, hawakukubali kwamba amekufa. Abu Bakr, sahaba wake wa karibu, alisimama akasema maneno ambayo Waislamu hawajayasahau: aliyekuwa akimwabudu Muhammad, basi Muhammad amekufa, na aliyekuwa akimwabudu Allah, basi Allah yu hai, hafi. Kumwita Mwislamu "mfuasi wa dini ya Muhammad" kwa maana kwamba anamwabudu ni kumsingizia jambo analolikimbia kuliko yote.

Yasiyoonekana

Mambo 6 ya imani ni kumwamini Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho, na kadari, yaani yale Mungu aliyokwisha kuyapanga, kheri yake na shari yake. Matano ya kwanza yanafuatana kama mnyororo: Mungu anawatuma malaika, malaika analeta kitabu, mtume anakipokea, na watu watakuja kuulizwa walikifanyia nini.

Malaika ni viumbe wa nuru wasioasi. Majini ni jamii nyingine, waliumbwa kwa moto, na miongoni mwao wamo wema na waovu. Kuwachanganya na malaika ni kosa la kawaida. Vitabu vinavyotajwa kwa majina ni Taurati ya Musa, Zaburi ya Daudi, Injili ya Isa na Qurani, pamoja na suhufu, yaani kurasa, za Ibrahim. Mitume waliotajwa katika Qurani ni 25, na anayetajwa mara nyingi kuliko wote ni Musa.

Qurani yenyewe iliteremka kidogo kidogo kwa muda wa miaka kama 23, kuanzia mwaka 610, na ina sura 114. Kwa Mwislamu ni maneno ya Mungu yenyewe, kwa Kiarabu, na tafsiri katika lugha nyingine yoyote huhesabiwa kuwa ufafanuzi wa maana yake tu. Wanaodhani ni kitabu cha mambo ya mbinguni pekee hushtuka kusikia kwamba aya ndefu kuliko zote, ya 282 katika sura Al-Baqara, inahusu deni: mkikopeshana kwa muda maalumu, andikeni, mwandishi aandike kwa uadilifu, wawepo mashahidi, na msichoke kuandika liwe deni dogo au kubwa. Hadithi ni kitu kingine. Hizo ni kauli na matendo ya Mtume yaliyopokewa mtu kwa mtu, kila moja na isnadi yake, yaani mlolongo wa majina ya wapokezi, na wakusanyaji kama Bukhari (aliyefariki 870) na Muslim (aliyefariki 875) walikuwa wakichunguza kila jina katika mlolongo huo kabla ya kupokea habari.

Kadari ndiyo iliyowatoa watu jasho. Kama kila kitu kimeshaandikwa, mtu anaulizwa nini? Wanazuoni wamebishana kwa karne nyingi, na sitajifanya nimelimaliza swali katika aya moja. Ila kuna kisa kinachoonyesha Waislamu wa mwanzo waliishije nalo. Umar, akiwa khalifa, alikuwa njiani kwenda Shamu, nchi za Syria na jirani zake, akapata habari kwamba huko kumeingia tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha akatoa mfano: ukiwa na ngamia, ukashuka kwenye bonde lenye upande mmoja wa majani na mwingine mkavu, si utakapomlisha popote utamlisha kwa kadari ya Mungu? Kuandikwa kwa jambo hakukumwondolea mchungaji kazi ya kuchagua upande. Anayejifungia ndani akingoja "kilichoandikwa" hana ushahidi kwa Umar.

Jua, mwezi na mizani

Sasa tuingie katika vitendo. Swala, zaka, saumu na hija vina jambo moja linalonivutia kila ninapolitazama: hakuna hata kimoja kilichoachwa kielee. Kila kimoja kimefungwa kwenye kipimo ambacho mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, anaweza kukikagua mwenyewe.

Swala imefungwa kwenye jua. Alfajiri ni tangu weupe ulale kwenye upeo wa mashariki hadi jua lichomoze. Adhuhuri huingia jua likipinduka. Magharibi ni jua likizama, na isha ni wekundu wa magharibi ukipotea. Kuhusu alasiri, simika kijiti cha sentimita 50 wima juani. Kivuli chake kitafupika asubuhi yote. Tuseme kimeishia sentimita 10, kisha kikaanza kurefuka tena. Hapo kilipoanza kurefuka, adhuhuri imeingia. Kikifika sentimita 60, yaani urefu wa kijiti pamoja na zile 10 za mwanzo, ni alasiri kwa wanazuoni walio wengi. Kwa madhehebu ya Hanafi utangoja hadi sentimita 110, urefu wa kijiti mara mbili pamoja na zile 10. Ratiba zinazobandikwa misikitini na zile za kwenye simu ni hesabu ya kivuli hicho hicho.

Rakaa, yaani mizunguko ya kusimama, kuinama na kusujudu, zilizo za faradhi kwa siku ni 17: alfajiri 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4. Katika kila rakaa husomwa Al-Fatiha, sura ya aya 7, kwa hiyo anayetimiza swala zake peke yake huisoma mara 17 kwa uchache. Kabla ya swala kuna udhu, kujitakasa kwa maji. Qurani imetaja viungo 4: kuosha uso, kuosha mikono hadi viwiko, kupaka kichwa maji, na miguu hadi kwenye vifundo. Maji yakikosekana au yakidhuru, mtu hutayamamu, yaani hujitakasa kwa udongo safi.

Si mazoezi ya viungo, hata hivyo. Mtu mmoja aliingia msikitini akaswali harakaharaka, kisha akaja kumsalimu Mtume. Mtume akamwambia: rudi ukaswali, kwani hukuswali. Akarudi, akaswali vile vile, akarudishwa tena. Ilipofika mara ya tatu akakiri kwamba hajui namna nyingine, naomba nifundishwe. Mtume akamweleza hatua kwa hatua, na katika kila hatua akarudia sharti moja: rukuu (inama) hadi utulie, inuka hadi usimame sawasawa, sujudu hadi utulie. Kutulia ni sehemu ya swala yenyewe, wala si pambo lake.

Kwa upande mwingine, masharti haya yanalegea mtu anapozidiwa. Asiyeweza kusimama huswali amekaa, asiyeweza kukaa huswali amelala. Msafiri hupunguza swala za rakaa 4 zikawa 2. Mwanamke aliye hedhini haswali, na hazilipi swala hizo baadaye, ijapokuwa siku za Ramadhani alizokula atazilipa. Tofauti hiyo ina mantiki: swala za kila mwezi zikilimbikizwa ni mzigo mkubwa, siku chache za funga kwa mwaka hazifiki huko.

Zaka imefungwa kwenye mizani. Neno lenyewe lina maana ya kutakasika na kukua. Sio kila mwenye shilingi anadaiwa. Lazima mali ifikie kiwango kiitwacho nisabu, ambacho kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na ikae mikononi mwa mwenyewe mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Hapo hutolewa sehemu 1 katika 40, yaani asilimia 2.5. Mwenye akiba inayolingana na gramu 200 za dhahabu atatoa thamani ya gramu 5. Nyumba anayoishi na chombo anachosafiria havihesabiwi, bidhaa za biashara zinahesabiwa. Mbuzi wakifika 40 hutoka 1. Kwenye mazao ndiko ninakoona uzuri wa hesabu hii: shamba lililonyweshwa na mvua hutoa sehemu ya 10, lililomwagiliwa kwa gharama na jasho hutoa sehemu ya 20. Kadiri ulivyotoka jasho ndivyo unavyopunguziwa.

Wanaopewa zaka ni makundi 8 yaliyotajwa katika sura At-Tawba, wakiwamo mafukara, masikini, wenye madeni na msafiri aliyekwama. Mzazi na mtoto wako hawamo, kwa sababu kuwatunza ni wajibu wako tayari. Huwezi kulipa deni moja kwa fedha ya deni jingine. Anachotoa mtu kwa mapenzi yake juu ya hapo huitwa sadaka, nayo haina kiwango wala msimu. Zaka ni haki ya masikini iliyomo ndani ya mali ya tajiri, na anayeizuia anashikilia kisicho chake.

Saumu imefungwa kwenye mwezi. Mwaka wa Hijria, kalenda ya Kiislamu, una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11, na Qurani ilikataza desturi ya Waarabu ya kuisogeza miezi kama walivyotaka. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, ikazunguka majira yote katika miaka kama 33. Hakuna nchi iliyopangiwa daima siku fupi za baridi, wala iliyohukumiwa daima joto la siku ndefu. Na mwezi ukionekana huku usionekane kule, ndipo huja mabishano ya kila mwaka: je, mwandamo mmoja unatosha kwa dunia nzima, au kila nchi ina upeo wake? Wanazuoni wa zamani walihitilafiana, na darubini haikumaliza ugomvi, kwa kuwa swali halikuwa la macho tangu mwanzo. Swali ni mwezi wa nani unamlazimu nani.

Kufunga ni kuacha kula, kunywa na tendo la ndoa tangu alfajiri hadi jua kuzama. Aya inasema mle na mnywe hadi mtakapoweza kupambanua uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri. Sahaba mmoja, Adi bin Hatim, aliichukua kama ilivyo. Akaweka nyuzi mbili chini ya mto wake, moja nyeupe na moja nyeusi, akawa anazitazama usiku bila kuona tofauti. Asubuhi akaenda kumweleza Mtume, akajibiwa kwa utani kwamba mto wake basi ni mpana sana, ikiwa umefunika usiku na mchana! Nyuzi zile zilikuwa giza la usiku na weupe wa mchana. Kisa hiki kidogo kina funzo kubwa kuhusu usomaji wa Qurani kuliko vitabu vingi vya nadharia: aliyeishi siku zile, Mwarabu aliyekijua Kiarabu barabara, bado alihitaji kuelezwa.

Mgonjwa na msafiri hula, wakalipa siku nyingine. Mzee asiyeweza tena hulisha masikini kwa kila siku. Aliyekula kwa kusahau huendelea na funga yake bila deni, kwani Mtume alisema ni Mungu aliyemlisha na kumnywesha.

Jiwe ni jiwe

Hija hufanywa Makka katika mwezi wa Dhulhija, tangu tarehe 8, na ni wajibu mara moja tu maishani kwa mwenye uwezo wa mwili na mali. Mahujaji wanaume huvaa vipande viwili vya nguo visivyoshonwa. Huizunguka Kaaba mara 7, huenda mara 7 kati ya vilima vya Safa na Marwa kwa kumfuata Hajar, mama wa Ismail, alipokuwa akihangaika kumtafutia mwanawe maji, na tarehe 9 husimama Arafa. Kisimamo hicho ndicho moyo wa hija: aliyekikosa amekosa hija ya mwaka huo, hata awe ametimiza mengine yote.

Kwa mtu wa nje swali hujitokeza lenyewe. Dini iliyopiga vita masanamu, mbona watu wake wanalizunguka jengo na kubusu jiwe jeusi? Umar alilijibu hadharani. Alipolibusu Jiwe Jeusi alisema: najua wewe ni jiwe tu, hudhuru wala hunufaishi, na lau nisingemwona Mtume akikubusu, nisingekubusu. Kaaba ni kibla, upande wa kuelekea. Waislamu walipohamia Madina mwaka 622 walikuwa wakielekea Jerusalem, wakaendelea hivyo kwa miezi 16 au 17 kabla ya kuamriwa kugeuka. Tena inapokewa kwamba siku Makka ilipofunguliwa, mwaka 630, Bilal, mwadhini wa Mtume, alipanda juu ya paa la Kaaba akaadhini. Nani hupanda na miguu yake juu ya anachokiabudu?

Kati ya halali na haramu pana nafasi

Mazungumzo mengi kuhusu Uislamu hukwama kwenye maneno mawili, halali na haramu, kana kwamba maisha ni swichi ya taa. Wanazuoni wamegawa matendo mafungu 5: faradhi, ambayo kuiacha ni dhambi, sunna, yenye thawabu bila dhambi kwa aliyeiacha, mubaha, isiyo na thawabu wala dhambi, makuruhu, inayochukiza ila haina adhabu, na haramu. Sehemu kubwa ya siku ya mtu iko pale katikati, kwenye mubaha. Faradhi nazo ni namna mbili. Kuna faradhi aini inayomkalia kila mtu shingoni, kama swala 5, na faradhi kifaya ambayo wachache wakiifanya wamewatua wengine mzigo, kama swala ya maiti. Swala hiyo, kwa njia, huswaliwa kwa kusimama tu, haina rukuu wala sijida.

Pana kanuni mbili zinazoeleza ugomvi mwingi wa misikitini. Katika mambo ya dunia, asili ya kila kitu ni ruhusa hadi lije katazo. Katika ibada ni kinyume: hakuna kuongeza hadi lije agizo. Wawili wakibishana kama jambo fulani ni bidaa, yaani uzushi katika dini, mara nyingi hawabishani kuhusu uzuri wake. Wanabishana kama ni ibada au ni desturi tu, na hawajaambiana hivyo. Vivyo hivyo sharia na fikihi si kitu kimoja. Sharia ni njia yenyewe anayoitaka Mungu. Fikihi ni ufahamu wa binadamu kuhusu njia hiyo, na binadamu hukosea.

Ufahamu huo ndio uliozaa madhehebu. Masunni wana 4 yaliyodumu, ya Abu Hanifa, Malik, Shafi na Ahmad bin Hanbal. Mashia, ambao mgawanyiko wao na Masunni ulianzia kwenye suala la nani aongoze umma baada ya mwaka 632, huamini maimamu waliotokana na Ali na mkewe Fatima, binti wa Mtume, huhesabu uimamu kuwa msingi wa dini, na hutoa khumsi, moja ya tano ya ziada ya mapato, pamoja na zaka. Maibadhi, ambao makao yao makuu ni Oman, ni kundi la tatu, wasio Masunni wala Mashia. Ukiingia kwenye safu ya swala utamwona mmoja amefunga mikono kifuani na mwingine ameiacha ikining'inia ubavuni. Wa pili anaweza kuwa Mmaliki, Mshia au Mibadhi. Wote wameelekea kibla kimoja na wanasoma Al-Fatiha moja.

Swali la tatu, na la nne

Mgeni yule alipouliza ihsani ni nini, alijibiwa: ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona, na ikiwa humwoni, Yeye anakuona. Hapo ndipo mwili na moyo hukutana, na kiungo chao kinaitwa nia. Hadithi ya kwanza katika mkusanyiko wa Bukhari ni kwamba matendo huenda kwa nia. Maji yale yale ya kichwani ni kuoga kwa aliyetaka kupoa, na ni ibada kwa aliyenuia kujitoa janaba, yaani kujitakasa baada ya tendo la ndoa. Saumu inaonyesha jambo hili kuliko zote. Anayefunga anaweza kufunga mlango, akanywa maji, akafuta midomo na kutoka; hakuna kiumbe atakayejua. Ndiyo maana kujionyesha katika ibada, riya, kumeitwa shirki ndogo: swala imekamilika rakaa zote, udhu mzima, kibla sawasawa, ila anayeswaliwa ni jirani.

Likabaki swali la nne. Nieleze kuhusu Saa, Kiyama ni lini? Mtume akajibu kwamba anayeulizwa hajui zaidi ya anayeuliza. Mbele yake alikuwa Jibril, mleta wahyi (ufunuo wa Mungu), na yeye ndiye mpokeaji wa wahyi, na wote wawili hawakuwa na tarehe. Tangu hapo wamekuwapo watu wengi wa kuitangaza, kwa hesabu za herufi, kwa ndoto, siku hizi kwa video. Kila mmoja wao anadai kujua jambo ambalo wale wawili, magoti yakigusana, walikubaliana kwamba hawalijui.